Mikono Ilitetemeka, Picha Ikatulia

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, sogezeni viti, tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka mpiga picha za video za harusi. Alifariki wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sitini na minane, nyumbani kwake, mkewe kando yake. Wengi wenu hamkumjua kwa jina. Mlimjua kwa lakabu: Taratibu.

Lakabu hiyo aliipata kwa mdomo wake mwenyewe. Maharusi wakiingia ukumbini, alitembea kinyumenyume mbele yao, kamera begani, akisema, "Taratibu, bibi harusi, taratibu. Mume hakimbii." Miaka ishirini na sita alitembea kinyumenyume. Picha zake zilitulia kama maji mtungini.

Kisha zikaanza kutikisika.

Mkewe ni mshonaji. Siku hiyo alikuwa kwenye cherehani yake pale mama mmoja alipoingia na diski mkononi, hata hodi hakuimaliza. "Dada, mumeo alikuja harusini kwa mwanangu amelewa. Tazama mwenyewe. Keki inacheza kuliko wageni!"

Wakatazama. Keki ilicheza kweli. Bwana harusi hakuwa na kichwa.

Taratibu hakuwa mnywaji. Lakini mkewe akaanza kuunganisha mambo. Mumewe anabakiza chai nusu kikombe. Hali tena mbele ya wageni. Na kila Jumapili mchana anajifungia kibandani nyuma ya nyumba.

"Nilikuwa namkumbatia ili nimnuse," mjane huyu alituambia, akicheka huku anajifuta macho. "Nanusa sabuni tu. Nikasema, huyu mjanja, anapiga mswaki."

Jumapili moja akasema, leo ni leo. Akavua kandambili, akanyata, akausukuma mlango.

Chupa hakuna. Kulikuwa na reli mbili za droo, mota ya waipa kutoka kwenye gari bovu, betri ya pikipiki, na mumewe amepiga magoti, akijaribu kuingiza skrubu kwenye tundu. Anakosa. Anajaribu. Anakosa tena. Mkono wake wa kulia ulitetemeka kama sindano ya cherehani.

"Tangu lini, Baba Watoto?"

"Mwaka wa pili huu."

"Na hukuniambia?"

"Nani atamwita mpiga picha anayetetemeka? Bora waseme mlevi. Mlevi huacha pombe."

Mkewe akaketi sakafuni. Alikuwa amekuja na maneno makali mdomo mzima. Sasa hana pa kuyatua. Akamnyang'anya bisibisi. "Lete hapa. Kila siku natunga uzi kwenye tundu la sindano, skrubu itanishinda?"

Kesho yake walikwenda hospitali. Daktari akasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Hauponi, lakini dawa za kuupunguza zipo, na mtu huishi nao miaka mingi. Taratibu alitoka mle akitembea kama kijana. Kumbe miaka miwili yote alidhani ni kifo kinabisha.

Wakarudi kwenye mashine yao. Wazo lilikuwa jepesi: kamera ikae juu ya kigari, mota ikivute kigari polepole kwenye reli, mikono isiguse kitu. Jaribio la kwanza, mota ilivuta kwa pupa, kamera ikaruka, ikatua kwenye kapu la vitambaa. Bahati ya Mungu. La pili, kigari kilienda, lakini mnyororo wa baiskeli uliguruma kama mashine ya kusaga.

"Toa mnyororo, weka mkanda wa cherehani," akasema mkewe. "Na kwenye cherehani yangu gurudumu kubwa hukimbiza dogo. Wewe geuza. Dogo livute kubwa, mwendo upungue."

Mwendo ukapungua. Kelele zikaisha.

Mkewe ndiye aliyempelekea yule mama ukweli. Mama akashika mdomo. "Na mimi nimemtangaza mji mzima! Binti yangu mdogo naye anaolewa baada ya miezi mitatu. Mwambie aje. Na mashine yake aje nayo."

Siku ikafika. Reli, waliyoirefusha hadi mita mbili, ikawekwa mbele ya meza ya keki. Taratibu akabonyeza swichi, akatia mikono mfukoni. Kamera ikateleza, keki, maharusi, nyuso za wazazi, moja baada ya nyingine. Akakichungulia kioo kidogo cha kamera. Hakuna kilichotikisika.

"Alishusha pumzi," mkewe anasema, "nikaisikia mpaka pale niliposimama nimeshikilia betri."

Baada ya hapo alifanya kazi miaka tisa. Nasema tisa, wasikilizaji. Watu wakamtania: siku hizi ana maringo, anapiga picha mikono mfukoni!

Mwaka jana aliweka kamera chini. Miezi ya mwisho mkewe alimlisha kwa kijiko, wakitaniana. "Nimelia, sisemi uongo," mjane alituambia. "Lakini moyo wangu umetua. Hatukubakisha la kufichana."

Tunampa pole mjane, binti zao wawili na wajukuu. Mungu awape subira.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, nyumbani kwenu kuna aliyebadilika? Muulize kabla hujamhukumu. Na kama wewe ndiye uliyejifungia, fungua. Huenda anayebisha amekuja na mikono miwili mizima.