Mzee Wino na Barua ya Onyo

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha kopi, Mzee Wino anastaafu. Jina lake halisi wengi wetu tumeshalisahau. Hili alipewa kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo mkewe anasema havikutakata hata siku ya harusi ya binti yao.

Aliajiriwa kama tarishi, akapelekwa chumba cha kopi kwa wiki mbili tu kumshikia mtu aliyekwenda likizo. Mtu huyo hakurudi. Tangu hapo Mzee Wino amezika mashine tano za kunakilia. Kila ilipoletwa mpya tuliambiwa hii haiharibiki, naye aliguna, akaenda kutafuta bisibisi.

Karatasi ikitoka na doa, hakuigusa mashine. Alichukua rula kwanza. Doa likijirudia kila baada ya sentimita zilezile, ugonjwa uko kwenye dramu, ile silinda inayopokea picha na kuihamishia kwenye karatasi. Lisipojirudia, alianza kwa kufuta kioo. Sisi tuliozoea kuipiga mashine makofi ubavuni alitutazama kama mzazi mwenye watoto wengi mno.

Ingependeza kuandika kwamba Ijumaa atakabidhiwa cheti cha utumishi bora. Hatakabidhiwa. Cheti hicho hapewi mwenye barua ya onyo, naye anayo moja, ya miaka kumi na moja iliyopita. Mkewe hajaambiwa, ameshapigilia msumari wa kukitundikia sebuleni.

Ilikuwa hivi. Mzee Wino alikwenda kliniki asubuhi, akamwachia chumba karani mgeni, aliyebakiza siku tisa kumaliza muda wa majaribio. Vitabu mia mbili vya mkutano wa bodi vilitakiwa saa nane mchana. Kopi zikawa na vidoa. Karani, kwa kujifanya fundi, akachomoa dramu, akaipangusa kwa kitambaa kikavu, akaiweka dirishani penye jua, akaenda kunywa chai. Alipoirudisha, kila ukurasa ulitoka wa kijivu kama tambara la deki, na mstari mweusi juu yake.

Mzee Wino alirudi saa tano, bado ana pamba ya sindano mkononi. Alibadilisha karatasi, akafuta kioo, akasafisha waya wa chaji, ule unaoipa dramu umeme, akatikisa wino. Kijivu kilekile. Ndipo akauliza dramu iliwekwa wapi ilipokuwa inasafishwa. Alipojibiwa, hakufoka. Aliivingirisha ndani ya sweta lake jeusi, akaifungia kwenye droo, akaketi. Dramu iliyopigwa na mwanga, alieleza, hairekebishwi kwa kusuguliwa, hupumzishwa gizani. Wote wawili walikaa wakiitazama ile droo, wamechoka.

Saa tisa kijivu kilikuwa kimeondoka. Mstari ulibaki, kwa kuwa pete ya karani ilikuwa imeikwaruza dramu, na kwa hilo hakuna dawa. Vitabu vilifika vimechelewa, tena vina mstari. Bodi ikataka kujua nani alisafisha. Mzee Wino akaandika kwenye daftari la hitilafu: mwenye chumba. Barua ikaja kwa jina lake, akaikunja bila kuisoma mara ya pili.

Karani yule ni mimi. Ninaandika taarifa hii kwa sababu nilitumwa niiandike, na nimechoka kuinyamazia barua ile. Miaka kumi na moja nimempitia mlangoni nikimwamkia kwa adabu zote, nikiona aibu kila siku. Naomba uongozi uitoe barua ile kwenye faili lake kabla ya Ijumaa na uiweke kwenye langu, inakostahili.

Mzee wangu, ulinikataza nisiseme, nami leo nimekukaidi. Ahsante kwa kazi yangu. Sote hapa tunakuombea afya, wajukuu wasikivu, na usingizi wa mchana ambao hakuna mtu atakayekugongea mlango kuukatiza.