Jiwe la Kura

Kahawa ya Eustakia ilikuwa ya moto, lakini Minani hakuisikia ladha. Alikaa mwisho wa benchi akitazama ng'ambo ya barabara ya Kanazi, kwenye uzio mpya wa waya, kufuli, na kibao kilichopakwa rangi ya kijani: JIWE LA KURA. HAPA WAZEE WETU WALICHAGUA VIONGOZI. Uongo mtupu. Lile jiwe bapa lililofungiwa ndani, ukoo wa Minani umelitumia miaka yote kwa kazi moja: ndugu wakigombana wanakalishwa pale, wanakula sahani moja, basi yameisha. Na leo ilikuwa zamu yake. Mdogo wake Frednand, waliyenuniana naye tangu msiba wa mama, alikuwa amekubali kuja.

— Umetuharibia wewe Minani, alisema Danstan, anayeitwa Wakili kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi mahakamani. Watu wa mradi wa urithi walikuja na kinasa sauti, wakakuuliza hili jiwe ni la nini. Uliwajibu nini?

— Niriwaambia ni jiwe ra kura.

— Haya, si ndiyo hiyo.

— Kura, jamani. Kura chakura. Mdomoni.

Minani alijigusa midomo kuwaonyesha. Alikuwa amechoka kueleza.

— Mwacheni, alisema Novatus, yeye wanamwita Redio. Mfadhili akisikia mnakula, anawaletea sabuni ya kunawa mikono. Akisikia kura, anawaletea uzio, kibao na semina.

— Semina yenyewe walikula wao tu, alisema Eustakia akimimina. Tena palepale, kando ya jiwe.

— Mimi nawaambia kura ilizaliwa hapa Kanazi, alisema Wakili. Wazungu wakaondoka nayo, leo wanaturudishia ikiwa na kufuli.

— Hujui kitu, Redio akadakia. Chini ya lile jiwe kuna masanduku. Uchaguzi wa kwanza matokeo hayajatangazwa mpaka leo. Wanaogopa, maana aliyeshinda ni babu yake Minani.

Benchi zima lilicheka. Minani hakucheka, alikuwa na hasira nao wote, na zaidi na ulimi wake mwenyewe.

— Lakini si walisema wamelifungua kwa wananchi? aliuliza Eustakia.

— Nimempigia mwenye ufunguo, yuko Ngara mjini. Anasema ni wazi kwa wote, rakini uwe na kibari. Na chakura marufuku, eti kinachafua urithi.

— Basi kuleni hapa kwangu, sahani ninazo.

— Hapa tutakuwa tumeshiba tu, mama. Hatujapatana.

Bodaboda ikasimama. Frednand alishuka taratibu, mikononi ana sufuria ya maharage iliyofungwa kwa kitenge. Alipita mbele ya wote mpaka kwa Minani, akainama kidogo.

— Shikamoo kaka.

Miaka yote hiyo Minani alikuwa hajaisikia shikamoo yake.

— Marahaba.

Frednand aligeuka kutazama jiwe. Akauona uzio, akakisoma kibao neno kwa neno, midomo ikichezacheza, kisha akainyanyua sufuria kidogo.

— Sasa kaka, tunakura wapi?

Hakuna aliyecheka. Wakili na Redio waliinamia vikombe vyao. Minani alitazama kufuli, akatazama sufuria. Maharage yalikuwa bado yanafuka ndani ya kitenge.