Oili Ilikwenda Wapi?

Assalamu alaikum, na kwenu nyote, habari za asubuhi. Mwenyekiti amenipa nusu saa. Nimemwahidi sitaizidisha, ingawa wanaonifahamu wanajua thamani ya ahadi zangu za namna hiyo.

Kila mwezi mmoja wetu husimama hapa akaeleza alivyoanguka na alivyoinuka. Nimesikia habari za pombe, za maradhi, za ndoa. Mimi nilianguka nikiwa nimelala chali chini ya gari. Mwacheni acheke huyo wa nyuma, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sitataja jina la mtu. Wote wako hai kwa kadiri nijuavyo, na mmoja wao hapendi kutajwa.

Ndugu zangu, nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na ugonjwa mmoja tu: kutaka kujua kilichoko upande wa pili. Ramani ya darasani ilikuwa na kisiwa kikubwa pembeni, chekundu, nami nilikitazama mwaka mzima mwalimu akifundisha mengine. Nikajifunza ufundi magari hapa Tanga, nikaenda Ngazija, nikakaa, nikachoka, na nikiwa na miaka ishirini na sita nikashuka Mahajanga, bandari ya kisiwa kile chekundu, na boksi la spana. Mpaka leo nikisikia harufu ya vumbi lililonyeshewa naikumbuka ile bandari.

Nilipata kazi mtaa wa Mangarivotra, kwa mama mmoja mjane wa Kikomoro. Wote walimwita Bi Mkubwa. Kikomoro chake na Kiswahili changu vilikuwa kama ndugu waliolelewa nyumba mbili: neno moja tunalishika, la pili tunalikisia. Alikuwa na gari moja la dizeli, refu, la juu, linalovuta kwa matairi yote manne. Lilipeleka abiria na mafurushi yao vijiji vya ndani, kwenye njia ambazo mvua ikinyesha ni uji, jua likiwaka ni mawe. Gari hilo ndilo lililomlisha yeye na wajukuu wake, na lilimlisha dereva wake.

Dereva alikuwa Mmalagasi, mtu mzima kuliko mimi. Nilimwita Zoky, maana yake kwao ni kaka mkubwa. Tuliongea kwa Kimalagasi changu kibovu, Kifaransa cha kuokota, na mikono. Kwa hiyo mkinisikia nikimnukuu kwa Kiswahili, jueni nimemtafsiri, tena nimemsafisha kidogo.

Sasa sikilizeni desturi ya mtu huyu, kwa sababu kila kitu kiko hapo. Jioni alikuwa akisawazisha mchanga mweupe uani kwa ubao, anaegesha gari juu yake. Alfajiri akishaswali analisogeza mbele urefu wa gari moja, kisha anachuchumaa kusoma mchanga. Tone jeusi, oili. Tone lenye harufu kali, dizeli. Tone safi, maji. Hata safarini alitafuta mahali pa mchanga pa kulaza gari. Nikamuuliza, "Zoky, kwa nini usivute tu kijiti cha oili?"

Akasema, "Kijiti navuta kila Ijumaa. Kijiti kinakwambia imebaki ngapi. Mchanga unakwambia inatoka wapi."

Miaka ishirini hakuwahi kuua injini.

Bi Mkubwa akaja siku moja na malalamiko. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imegongwa na mawe mara mbili na kuzibwa kwa kuchomelea. "Fundi," akasema, "gari langu lina tumbo la mtoto mchanga. Huijui dawa yake?"

Nikamwambia ninaijua. Kwa kweli nilikuwa sijawahi. Lakini nilikuwa nimeyaona magari ya wageni yamefungwa bamba la chuma chini, tangu mbele ya injini mpaka kwenye gia boksi, na nilitamani sana kujua linavyofungwa. Bandarini walikuwa wakikata tishari bovu. Nikapata kipande kizito, nikakikunja kingo kwa nyundo na moto siku mbili nzima, hadi kikawa kama sinia kubwa la harusi. Boliti nikazikataa. Nilisema zitaibwa, au zitalegea kwa mtikisiko. Nikalichomelea bamba kwenye chesisi pande zote, bila nafasi ya kupitisha wembe. Chini ya nati ya kumwagia oili nikaacha tundu, nikalitilia kifuniko cha kuzungusha chenye mpira ndani. Halipiti tope, halipiti jiwe, halipiti kitu. Naona mafundi wengine mnatikisa vichwa. Mngekuwepo siku ile mngepiga makofi kama wenzenu.

Maana makofi yalipigwa. Zoky alilipitisha gari juu ya kisiki kwa makusudi, likalia ngoo! Mtaa mzima ukainama kutazama: mkwaruzo mweupe tu. Bi Mkubwa akacheka. "Sasa limevaa," akasema. Watu wawili wakaniuliza kama ninaweza kuwafanyia na wao. Nikaanza kutembea nimetanua mabega.

Baada ya wiki tatu hivi, Zoky akanijia asubuhi nikinywa chai. Alikuwa hajatulia.

"Mchanga umenyamaza," akasema.

"Ni vizuri."

"Zamani gari hili lilikuwa linatoa tone moja, mawili, pale palipozibwa. Sasa hakuna hata moja. Wewe umeuponya ugonjwa au umeufunika?"

"Nimeuponya, Zoky. Jipe raha."

Jibu hilo ndilo lililoninyima usingizi kwa muda mrefu, ndugu zangu. Aliniuliza vizuri kabisa, nami nilimjibu huku ninapuliza chai.

Alipima oili Ijumaa, ikawa sawa. Jumamosi akaondoka na abiria. Jumatatu akapita juu ya mawe mabaya, kila kukicha akasoma mchanga: mkavu. Jumatano, mbali na kila kitu, injini ikanoki: ikagonga kwa ndani, ikafa. Mtaniuliza, taa ya oili je? Ilikufa zamani, wala hakuna aliyeijali, kwa sababu mchanga ulikuwepo. Gari likarudi limefungwa nyuma ya lori, na watu wakajaa uani.

Bi Mkubwa hakupiga kelele. Aliniambia, "Fundi, tazama."

Nikavuta kijiti. Kikavu. Zoky akasema, "Moshi haukutoka. Mchanga ulikuwa mkavu. Naapa."

Hapo ndipo nilipoanguka. Kila fundi hapa anajua: injini hainywi oili yote bila kutoa moshi. Kama haikuungua na haikumwagika, ilikwenda wapi? Swali hilo lilinipiga kichwani palepale, na macho yangu yakashuka yenyewe kwenye bamba. Nikayapandisha. Mimi niliyekuwa nalala chini ya gari la kila mtu kwa udadisi, siku hiyo sikuinama. Nikasema mbele ya watu wote, "Dereva hakupima."

Zoky akaweka funguo juu ya boneti, akatoka. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika sokoni kwamba yule dereva hodari amelala na kuua gari la mjane. Nani atampa gari tena?

Baada ya siku nne nilipanda boti kwenda kaskazini, kisiwa cha Nosy Be. Boksi la spana nililiacha. Nilijiambia ni ile hamu yangu ya kuhamahama. Haikuwa hiyo.

Nosy Be nilibeba mizigo ya wageni, nikapaka rangi boti upande wa Sakatia, nikachota mchanga wa ujenzi. Mtu akisema gari lake linasumbua, nilijifanya sijui hata boneti linafunguliwa wapi. Karibu mwaka mmoja na nusu hivyo. Mikono ikalainika mahali pasipotakiwa, ikawa migumu mahali pengine. Nawaambia, fundi asiyegusa spana ni mtu anayeishi nyumba ya kupanga ndani ya mwili wake mwenyewe.

Mwishowe nikawa mfagiaji wa uwanja wa hoteli moja ndogo Andilana, palepale kisiwani. Walikuwa na gari la dizeli la kuwachukua wageni, na fundi wao alikuwa mtu wa pale, mnene, mtani, kila neno lake kicheko. Asubuhi moja alikuwa ameliinua kwa jeki na magogo. Nikaliona bamba chini yake, la kiwandani. Nikajizuia, nikafagia. Nikarudi, nikafagia palepale. Mara ya tatu akasema, "Wewe vazaha, mgeni wa Waswahili, utautoboa uwanja. Unataka nini?"

Nikatupa ufagio nikalala chali. Lile bamba lilikuwa na matundu! Moja pana chini ya nati ya oili, wazi, na mengine nyuma, marefu kama macho yaliyofumba nusu. Tena lilifungwa kwa boliti sita tu.

"Kwa nini lina matundu?" nikauliza. "Si mawe yataingia?"

Akacheka mpaka tumbo likatikisa gari. "Likose matundu, litakojoa wapi? Gari likiugua lazima likojoe chini, tujue linaumwa. Ukilivalisha nepi, utajuaje?"

Nilibaki chini pale. Nilikuwa naliona lile sinia langu la harusi, kingo zimekunjwa, kifuniko kina mpira, na tone baada ya tone likidondoka ndani yake, juu ya mchanga uliosawazishwa kwa ubao.

Sasa nilijua. Au nilidhani najua, kwa sababu bado nilikuwa sijaona. Ningeweza kukaa Andilana mpaka leo, hakuna aliyenitafuta. Lakini kulikuwa na mtu Mahajanga anayeitwa mzembe, na jibu la kulisafisha jina lake lilikuwa limechomelewa chini ya gari kwa mkono wangu. Nikamwambia yule fundi mnene kila kitu. Hakucheka. Aliniazima grinda yake ya kukatia chuma, akasema, "Hii ikate, kisha irudi. Wewe si lazima urudi, lakini grinda irudi."

Bi Mkubwa alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Umefuata nini? Spana zako nimegawa."

"Nimekuja kukata bamba, Bi Mkubwa. Kuna kitu nataka tukione."

Gari lilikuwa uani juu ya mawe, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Nikamweleza. Akasema, "Hutakata mpaka yeye awepo."

Zoky alikuja anavuta pusipusi, vile vigari vya magurudumu mawili vya kubeba watu vinavyovutwa na mtu kwa miguu. Ndiyo kazi aliyoipata. Alikuwa amekonda. Hakunisalimu.

Nikakata. Cheche zilijaa uani, majirani wakaja. Ukingo wa mwisho ulipoachia, bamba lilianguka kwa kishindo cha kitu kizito kuliko chuma. Ndani kulikuwa na oili, ndugu zangu. Imeganda na mchanga na majani makavu, nene kama halua, tangu mbele hadi nyuma, na juu yake ule mshono wa zamani wa sampo umepasuka. Zoky akachuchumaa, akatia kidole, akanusa.

Nikasimama mbele ya majirani nikasema, "Huyu alisema kweli. Mchanga ulikuwa mkavu kwa sababu yangu. Na siku ile nilishuku, nikanyamaza."

Mlitarajia anikumbatie? Hata mimi. Alifuta kidole kwenye shati langu, hapa, kifuani.

"Umewaambia hawa," akasema. "Hawa walikuwa wananijua. Wale wa sokoni nani atawaambia?"

Akapanda kwenye pusipusi akaketi kama mkubwa wa forodha. "Vuta."

Nilivuta. Jua la saa sita, mimi katikati ya ile mikono miwili ya mbao, yeye nyuma ananielekeza: hapa, simama. Kwa muuza mchele, kwa kinyozi, kwenye kituo cha madereva. Kila kituo ananiambia, "Sema." Nasema. Kimalagasi changu kikikosea wanacheka, naye ananisahihisha, narudia. Mlangoni kwa kinyozi, mzee mmoja akauliza, "Basi huyu ndiye aliyelala?" Zoky akajibu, "Ndiye. Lakini ameamka." Mpaka alasiri miguu ilikuwa inatetemeka, na nilikuwa sijajisikia mwepesi vile tangu nilipotoka kwetu.

Injini tuliifufua kwa miezi mingi, kwa vipuri vya magari mabovu, mimi bila ujira. Bamba nililifunga upya kwa boliti, na matundu Zoky aliyachora mwenyewe kwa chaki. Bi Mkubwa akampa funguo mbele ya watu walewale. Grinda niliirudisha mwenyewe.

Nawashukuru watu watatu. Bi Mkubwa, kwa kutoniruhusu nikate nikiwa peke yangu, maana ningeweza kuficha tena. Fundi mnene wa Andilana, aliyemwazima mficha makosa kitu cha kukatia. Na Zoky, ambaye hakuniambia "nimekusamehe" hata siku moja, ila nilipoaga kurudi kwetu alinibebea boksi langu jipya la spana mpaka bandarini, na njiani akanisimulia habari za mvua.

Fundisho langu ni dogo. Kabla hujalitaja kosa la mwenzako, inama ulitazame lako, hasa pale macho yanapokataa kushuka. Udadisi ni rahisi juu ya gari la mtu mwingine.

Nimemaliza, Mwenyekiti, na sijazidisha sana. Lakini naona humu watu saba ambao magari yao nimeyafunga bamba mimi. Jeki iko nje, na mkeka nimekuja nao. Mwenye shaka na kazi yangu asinung'unike nyumbani. Atoke sasa hivi, tulale chini pamoja, tutazame.