Wakili wa Bawabu

Ndugu waombolezaji, ninayokwenda kusoma hamtayaamini hata mkitaka. Msomeni na mume wa marehemu usoni, yeye hajui kuficha kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1986, mtoto wa pili wa dada yangu, mshonaji. Sekondari alisoma bweni, na huko akaazimwa kitabu cha kwanza cha ile hadithi ndefu ya ufalme wenye lango moja. Mimi shule niliiacha mapema, nayo hadi leo inanililia.

Alisomea ufundi wa miwani. Dukani kwake wateja walichukua miwani yao, kisha wakabaki kubishana, maana mwisho wa kitabu cha tano Bawabu aliwafungulia adui lango, na hakuna aliyejua kwa nini. Wengi walimwita msaliti. Filamu ikaja kuharibu zaidi, ikamwonyesha akicheka.

"Hakucheka!" marehemu aliwaka pale pale ukumbini. "Kitabuni mikono ilimtetemeka!"

Kikundi chao cha wasomaji kikambandika jina la Wakili.

Fundi umeme mmoja alikuja kila wiki kumpinga, macho yake mazima.

"Kaka, wewe miwani ya nini?"

"Nimwone vizuri huyo msaliti wako."

Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 2013, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka jana figo zikaanza kumsumbua. Kitabu cha mwisho kilitoka akiwa amelazwa, hana nguvu ya kukishika. Wenzake walikuwa wameshakimaliza. Walikuja kumjulia hali wamebana midomo, wanaitazama dripu. Mumewe, kwa ile sura yake isiyoficha kitu, akaondolewa kwenye kiti cha kando ya kitanda.

"Asinidokeze mtu," alisema. "Nisomewe mpaka mwisho. Mjomba asome, yeye hajui lolote."

Jamani, mimi kusoma ni kupanda ngazi na gunia mgongoni. Kila nikigeuza ukurasa nilimtazama kifua: kinapanda? Pumzi zilizidi kufupika, na kitabu bado kinene.

"Baba, huwezi kuongeza mwendo?" muuguzi alininong'oneza.

Jasho lilinichuruzika. Kuruka hata mstari nisingethubutu, angejua.

Alituacha alfajiri ya tarehe 2 Juni. Ameacha mume, binti, mama, kaka na mimi mjomba wake. Alale salama, asibishiwe tena na mtu.

Mwisho wa kitabu? Tuliufikia, jioni ile ya kuamkia siku hiyo. Ndani ya ngome moto ulikuwa umeshawaka. Bawabu alifungua lango ili watoto wapate pa kutokea, akijua adui wataingia.

"Si nilisema," alinong'ona, akanibana kidole.

Furaha ikanipanda. Nikapaza sauti wodi nzima isikie: ufalme wote ukapiga magoti, mfalme akavua taji akamvika Bawabu, na majoka saba yakashuka toka mawinguni yakilia machozi ya—

"Mjomba," akanikatiza, macho kafumba, "hicho kitabu hakina majoka."