Jina Moja, Mikia Miwili

Mniwie radhi, wanangu, maana haya nitakayosema nitayasema vibaya: pumzi yenyewe ninaivuta kwa kuibembeleza, meno ya mbele yako kwenye glasi, na mama yenu ameshanikonyeza mara mbili kwamba leo nisianze na mizaha. Basi naanza bila mizaha. Sogeeni. Nahodha, binti yangu wa kwanza, toka hapo mlangoni, hiyo miimo haitaanguka usipoiegemea. Na wewe Msumari, mwanangu, acha kuchungulia dirishani kana kwamba kuna mtu anakudai jibu huko nje, njoo ukae upande huu wa kitanda. Najua mmechagua pembe mbili za chumba ili msigusane hata mabega. Miaka tisa mmeishi hivyo, na nina neno kuhusu hiyo miaka tisa, ila nitalifikia kwa njia yangu, kwa sababu anayekufa ni mimi na ratiba ni yangu. Kitindamimba, shika kalamu uandike. Ukikosea usifute, mama, wino ni ghali kuliko maneno yangu.

Nyumba ni ya mama yenu mpaka aichoke mwenyewe. Ile mashine ya kuchapisha kule chini, inayokohoa kuliko mimi, aichukue Msumari, kwa kuwa ndiye pekee anayejua ipigwe kofi wapi. Meza ya kukatia turubai, violezo vya mikoba na cherehani zote mbili ni za Nahodha. Ramani ya ukutani ni ya Kitindamimba, na asing'oe hata pini moja.

Hiyo ramani mnaicheka, nami niliwaacha mcheke. Nilipoanza kuwaandikishia watu anwani za tovuti, pale pale dukani kati ya kadi za harusi na mabango ya vinyozi, niliona jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Mtu akija na jina la biashara yake, jina halimsumbui. Linalomtoa jasho ni mkia. Aweke nukta com, au amalizie kwa herufi mbili za nchi yetu? Niliona mtu mzima, mwenye malori manne, akishika kichwa mbele ya kaunta yangu kwa saa nzima kwa ajili ya mkia. Ndipo nikanunua ramani na pini: nyekundu kwa kila mteja wa nukta com, kijani kwa kila aliyechukua herufi za kwetu. Baada ya miaka mitatu mama yenu akaitazama akasema, "Baba Nahodha, nchi yako ina tetekuwanga."

Lakini tazameni ilivyotoka. Bandarini, uwanja wa ndege, mtaa wa hoteli, kote kumewiva wekundu. Ukipanda kuelekea masoko ya bara, pini zinageuka kijani, mpaka kule kwenye maghala ya mbegu huoni nyekundu hata ya dawa. Nikawauliza. Muuza mbegu mmoja, mzee wa makamo yangu, akaniambia, "Nikiona herufi za kwetu, najua nikidanganywa naweza kumfuata huyo mtu kwa miguu." Wiki hiyo hiyo bibi mmoja anayesafirisha maua akaniambia, "Mteja wangu wa ng'ambo akiona herufi za kwetu ananiuliza kama tuna umeme." Wote wawili walikuwa na akili timamu. Wote wawili niliwaandikishia walichotaka.

Nikasoma zaidi, mnajua baba yenu akishika jambo. Nikakuta kwamba Wajerumani wanazishikilia herufi zao mbili kama sisi tunavyoshikilia rimoti, na Wamarekani, wenye herufi zao pia, hawana habari nazo sana, kwao nukta com ndiyo nyumbani. Kuna visiwa vidogo huko Pasifiki, herufi zake mbili zilitokea kuwa kifupi cha televisheni, basi dunia nzima inazitumia na visiwa vinapata chochote kitu. Nikaelewa, wanangu, kwamba mkia wa anwani hausemi nani amestaarabika na nani mshamba. Unasema mtu anataka kuaminiwa na nani. Hilo tu. Na watu hawataki wote kuaminiwa na watu wale wale.

Nipe maji, Mama Nahodha. Kidogo. Asante.

Hilo niliwaeleza wateja wote, nikasahau kuwaeleza nyie. Nahodha ukataka mikoba yetu ya turubai iuzwe ng'ambo, ukasema duka letu ni nukta com au si kitu. Msumari ukasema wateja wetu ni wa masoko ya bara, na herufi za kwetu ndizo zinazotulisha. Mkawa mnabishana mezani mpaka chai inapoa. Mimi nikajifanya mwenye hekima, nikanunua yote mawili: jina moja, mikia miwili, kila mtoto na mkia wake. Nikatembea mtaani nimevimba. Mzee wa Mikia, walikuwa wananiita, nami naitika.

Halafu ikaja ile Jumatatu, miaka tisa iliyopita. Nahodha una mizigo ya mikoba mia sita inangoja wanunuzi wathibitishe, wanunuzi wanafungua nukta com yetu, haipo. Wiki chache baadaye, ipo, ila imejaa kamari, watu wengine wameshaichukua. Wewe ukasema Msumari ameizima kwa wivu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kompyuta ya duka. Msumari ukasema Nahodha ameihamisha kwa siri ili aondoke na wateja, kisha amejiliza. Mkaambiana maneno ambayo mimi nilikuwa nyuma ya mashine nikiyasikia, na niliongeza mwendo wa mashine ili nisiyasikie. Harusi ya huyu mdogo wenu mlikaa meza mbili, mkawa mnatumiana salamu kupitia mpishi, mpaka maskini mpishi akauliza kama na yeye ni ndugu.

Sikilizeni sasa, maana nimefika.

Hakuna aliyeizima. Hakuna aliyeihamisha. Anwani ya tovuti hulipiwa kila mwaka, na kabla haijaisha msajili hutuma onyo kwa barua pepe, mara tatu, nne. Mimi nilihubiri kwa kila mteja: onyo lisiende kwenye sanduku la barua pepe lililo kwenye anwani hiyo hiyo, kwa sababu anwani ikifa, sanduku nalo linakufa, na ufunguo wa kuifufulia anwani umefungiwa ndani. Nilihubiri hadi wakanikariri. Na yangu je? Barua pepe yangu ya maonyo niliiweka humo humo, kwenye nukta com yetu. Sanduku lenyewe nilikuwa silifungui, nilidhani Msumari analifungua, Msumari anadhani Nahodha. Onyo likaja, likakaa humo likisubiri msomaji, siku ikapita, vyote vikazimika pamoja. Nilijua Jumatatu ile ile kabla ya saa sita mchana. Nikafungua kinywa niseme. Kukawa na wateja wawili kwenye kaunta, mmoja akaniita Mzee wa Mikia, nikakifunga.

Nahodha, usiniangalie hivyo. Au niangalie, ni haki yako. Niliona ni afadhali wanangu wadhaniane wezi kuliko mtaa ujue kwamba mtaalamu wao ni mzembe. Niliahidi nafsi yangu nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo imekuwa leo.

Msumari, mpe dada yako kitambaa. Ndiyo, hicho hicho, hata kama kina grisi.

Sasa wosia wenyewe, andika vizuri hapa. Anwani iliyobaki, ya herufi za kwetu, muda wake unaisha Ijumaa hii. Humo mna wateja wote wa bara, na Nahodha, hata hao wako wa ng'ambo wameanza kuiulizia, dunia inabadilika. Simwachii Msumari. Simwachii Nahodha. Neno la siri la kuifungulia nimelikata katikati. Asubuhi Nahodha aliponiletea chai nilimnong'oneza neno. Msumari aliponigeuza ubavu nilimnong'oneza neno. Kila mmoja akatoka humu kifua mbele, nikamwona, akidhani amepewa lote. Mna nusu nusu. Mtakaa kwenye kompyuta moja, mabega yagusane, mmoja aandike mwanzo, mwingine amalizie. Na kila mwaka hivyo hivyo. Onyo liende kwenye simu zenu zote mbili.

Mama Nahodha... nishike mkono. Huu mwingine.

Msinigombee. Msimwache mama yenu ale peke yake. Mashine mkiitia mafuta, muitie kidogo. Mungu awaweke, awape wateja wenye subira na watoto... watoto wasiofanana na babu yao. Nimewaridhia wote watatu. Na nyie, mkiweza, siyo leo... mniridhie.

Eh. Limebaki moja. Mkisahau neno la siri, msihangaike. Chini ya ukurasa kuna pa kubonyeza. Watatuma barua ya kufungulia upya... itakuja kwenye sanduku langu... lile la... la nukta...

Lo.

La nukta com.

Watu wa kamari wataipata. Kitindamimba, hilo usi... hapana. Andika. Andika kwa herufi kubwa... kwamba Ijumaa anwani ikikataa kufunguka... wasitafutane ubaya.

Ni baba tena.