Miaka Ishirini na Mmoja ya Kuomba Macho Wazi

Ndugu Yoeli Hiribae, mpiga pondo wa mtumbwi wa misheni yetu, anastaafu leo, tarehe 31 Desemba 1907, baada ya utumishi wa miaka ishirini na mmoja na miezi tisa. Wazee wa kanisa walimpa Mwalimu Bule kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Mwalimu Bule, ambaye amefundisha katekisimu hapa kwa miaka ishirini na miwili na hajawahi kuandikiwa hata mistari miwili, alikubali kwa moyo mkunjufu.

Ndugu Hiribae aliajiriwa Machi 1886. Kazi yake ilikuwa kushuka mto hadi bandari ya Kau kuchukua barua, chumvi, nguo na mafuta ya taa, kisha kupanda tena kinyume cha mkondo, siku nne au tano za kusukuma pondo juani. Bwana Shee, mwenye ghala huko Kau, Mwislamu mcha Mungu, alikataa kabisa kumkabidhi mzigo mtu mwingine. Alisema mtu asiyeonja tembo la mnazi hapotezi magunia. Mwandishi wa waraka huu pia haonji tembo, ila Bwana Shee hakuwahi kuuliza.

Afya ya Ndugu Hiribae inajulikana na kila mtu, maana kila mtu huitaja. Maji ya mto huyachemsha kwenye chungu chake mwenyewe hata safarini. Tumbaku hagusi. Meno huyasugua kwa mswaki asubuhi na jioni, na ingawa umri wake umepita miaka sitini, yote yapo. Akimaliza sala ya jioni huingia ndani ya fumba lake, mfuko wa ukindu wa kulalia, mbu wakabaki nje wakilalamika, naye akalala usingizi mzito. Mwaka ule wa ugonjwa wa kuhara, nyumba yake peke yake haikuuguza mtu, na mchungaji akamsifu mbele ya kanisa zima. Wiki iliyofuata mwandishi naye alianza kuchemsha maji. Mpaka leo hakuna aliyeliona hilo.

Sasa tuje kwenye sala zake. Ndugu Hiribae huomba akiwa kazini, amesimama mtumbwini, pondo mkononi, na macho wazi. Huombea kila kijiji anachokipita, kwa majina ya watu, kuanzia Kau hadi hapa. Mwandishi, ambaye hufundisha watoto kufumba macho, alipeleka malalamiko kwa wazee mara tatu. Mara zote tatu wazee walicheka, wakasema mto una viboko na mamba, na Mungu anajua hivyo.

Jambo hilo lilimkera mwandishi kuliko anavyoweza kueleza. Watu walikuwa wakija kumwomba mpiga pondo awaombee wagonjwa wao, wakipita mlangoni kwa mwalimu bila hata kubisha hodi.

Hapa ndipo wasifu ungetaja ajali ya Novemba 1899. Nyote mnaijua: mto umefurika, kiboko akaupindua mtumbwi, na kasha la vitabu vya nyimbo tulivyovisubiri miezi kumi na minne likazama. Mmemsikia mwalimu akiisimulia mimbarini mara nyingi. Mnakumbuka pia kwamba mwezi uliofuata tulichagua mzee wa kanisa, na majina yalikuwa mawili, la mpiga pondo na la mwalimu. Watu walisema asiyeona kiboko mzima mbele yake ataliangaliaje kundi. Akachaguliwa mwalimu.

Hakukuwa na kiboko.

Siku ile, tukiwa karibu kufika hapa, mimi mwandishi nilimnyang'anya Ndugu Hiribae pondo. Tulikuwa na abiria sita kutoka Kau, nami nilitaka waone jinsi mtu aliyesoma anavyoomba. Nikasimama katikati ya mto uliofurika, nikafumba macho, nikaomba sala ndefu, nzuri sana. Nilikuwa bado sijafika kwa mitume tulipogonga gogo la mkoma, mtumbwi ukalala ubavu. Abiria waliogelea. Mimi sijui kuogelea. Aliyenishika ukosi akanivuta hadi ukingoni, huku mamba wamelala upande wa pili, ni Hiribae. Abiria wakashika njia yao kwa miguu, bila kupitia hapa misheni. Tulipofika hapa mkatuuliza kulikoni, nami nikasema kiboko, nikaongeza kwamba mpiga pondo hakumwona. Yeye alikuwa amesimama kando yangu, nguo zinachuruzika. Akainama kuzikamua.

Nimekaa kwenye kiti chake miaka minane, nikimwonea wivu kila siku ya miaka hiyo. Niliuonea wivu usingizi wake kuliko vyote.

Wiki mbili zilizopita nilimwendea kukusanya habari za wasifu huu. Alikuwa akiziba ufa wa mtumbwi, apate kuukabidhi kwa atakayemfuata ukiwa mzima. Nikamuuliza kwa nini hakusema kweli siku ile. Hakuacha kazi yake.

“Mwalimu, mimi huomba macho wazi,” alinijibu. “Nilikuona ulivyowaogopa watu, nikaanza kukuombea palepale, na sijaacha. Sasa mtu ninayemwombea nitamsemaje?”

Nilirudi nyumbani nikaandika wasifu wa kwanza, wenye kiboko. Nikauchana. Nikaandika wa pili, usiotaja ajali kabisa. Huu ni wa tatu. Nilidhani nikishaandika kweli wivu utaniachia, lakini haujaniachia, maana hata katika jambo hili yeye ndiye anayetoka safi.

Wazee wenzangu, kiti kilicho mbele, kando ya dirisha linalotazama mto, si changu. Ndiyo sababu tangu ibada ianze nimesimama, na wala si mgongo kama nilivyomwambia mchungaji pale mlangoni. Naomba Ndugu Hiribae aketi.

Ndugu Hiribae, misheni nzima inakushukuru kwa barua zilizofika zikiwa kavu, kwa maji yaliyochemka, na kwa majina yetu uliyoyataja mtoni tukiwa hatujui. Tunakutakia pumziko jema, shamba lenye rutuba kila mafuriko yakipungua, na meno hayo hayo mpaka mwisho. Najua utaniombea hata sasa, hapo ulipo. Nakusihi, leo tu, ufumbe macho, kwa maana naona haya.