Jino Lililonyamaza: Maisha ya Mama Pindo, Fundi wa Sare

Ndugu wa marehemu, majirani, mafundi wenzake, na nyote mliofika kumsindikiza.

Juzi, wasifu huu ulipoanza kuandikwa, mjomba wa marehemu aliomba kwa nia njema uandikwe kwamba alifariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Ndivyo watu wanavyoandika, alisema, na maneno hayo yana staha. Familia iliyapima maneno ya mjomba, ikamshukuru, ikayakataa. Mama Pindo amekufa kwa jino. Tangu habari itoke, kila anayeingia kutoa pole anauliza swali lilelile: "Jino? Jino hili hili la mdomoni?" Na anayejibu hulisikia jibu lake mwenyewe kama la mtu aliyerukwa na akili. Naam, jino hilo hilo. Gego la chini, upande wa kulia. Hatujui bado tuliseme vipi bila kutetemeka, lakini hatutalifunika kwa shuka ya staha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1981, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mwashi na mama muuza vipande vya vitambaa. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya ghala la mbao, na chumba kimoja kilikuwa cha marobota. Watoto walilala juu yake. Mama yao, ambaye yupo hapa leo na ambaye kwa haki ya umri ndiye aliyepaswa kuzikwa na mwanawe, husema kwamba huyu alikuwa akichomoa nyuzi za robota hadi usingizi umchukue, na asubuhi hukutwa amezisokota kamba. Alipofika umri wa kwenda shule, ndiye aliyekuwa akimtungia bibi yake uzi kwenye sindano, kwa sababu macho ya bibi yalikuwa yamechoka na yake yalikuwa kama ya mwewe.

Alisoma shule ya msingi iliyo mbele ya ghala hilo, kisha sekondari ya kutwa, akamaliza kidato cha nne mwaka 1999. Waliosoma naye hawajasahau siku ya mahafali. Mwalimu mkuu alisimama kuhutubia, akanyoosha mkono kuwaonyesha wazazi mafanikio ya shule, na mshono wa koti ukaachia kutoka kwapani hadi kiunoni. Msichana huyu aliinuka mstari wa tatu, akatoa sindano kwenye ukosi wake, akasimama nyuma ya mkuu na kuanza kushona huku hotuba ikiendelea. Alipofika mwisho hakuwa na mkasi. Akainama, akaukata uzi kwa meno. Mkuu akaruka.

"Wewe mtoto, unaniuma?"

"Hapana, mwalimu. Namalizia."

Wazazi walicheka hadi wageni rasmi wakasahau itifaki. Kutoka siku hiyo hakuna aliyeuliza atakuja kuwa nani.

Mwaka 2001 alipokelewa katika karakana ya ushirika wa mafundi, chumba kirefu kilicho juu ya duka la vyuma. Mnaifahamu ngazi yake nyembamba, cherehani zilizopangwa kufuata madirisha, meza ya kukatia iliyochubuka kingo, na harufu ya pasi na chaki. Kiti chake kilikuwa cha tatu kutoka dirisha la mwisho, na hakukihama. Alishona sare za shule. Jina la Mama Pindo, ambalo wengi wenu hamkuwahi kujua lingine, alilipata kwa sababu ya upana wa pindo aliloliacha kwenye kila sketi na kila suruali. Mwenyekiti mmoja wa zamani alimkemea kwamba anapoteza kitambaa.

"Mzee," alimjibu, "mtoto anakua, nguo haikui. Nani ampe nafasi kama si pindo?"

Pindo likabaki. Wapo watu wazima hapa waliovaa sketi moja miaka mitatu kwa ajili ya jibu hilo.

Wanagenzi aliwafundisha kwa maneno machache: "Tundu la leo kwa uzi, la kesho kwa kiraka, la kesho kutwa kwa kilio." Nguo yenye tundu dogo haikupita mbele yake bila kushikwa. Na uzi aliukata kwa meno, miaka yote hiyo, hata jino lake la mbele likachimbika kijia chembamba ambacho uzi ulikaa bila kuteleza. Mafundi wenzake walikiita mkasi wa Mungu. Yeye mwenyewe alikionyesha kwa fahari, kama askari anavyoonyesha kovu.

Hapa lazima lisemwe jambo kuhusu karakana ile, na lisemwe mbele ya viongozi wake, ambao wamekaa safu ya pili. Kuna desturi mle. Fundi mwenye homa huambiwa aende nyumbani. Mwenye tumbo hufunguliwa njia, mwenye mgongo hupewa mto. Mwenye jino hutaniwa. Ndiyo desturi, na haina mwandishi wala mwenyewe, imerithiwa tu. Anayeshika shavu huimbiwa, huulizwa kama ameficha mkate, na kwenye droo ya meza ya kukatia kuna kopo la karafuu na vidonge vya maumivu ambalo hupitishwa mkono kwa mkono. Jino, wanasema, si ugonjwa, ni kelele. Na kelele dawa yake ni kungoja inyamaze.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 2004 na mpaka rangi wa majumba. Walikutana pale pale karakana. Bwana alileta ovaroli iliyopasuka magotini, imejaa rangi hadi imekauka kama ubao. Marehemu aliishika kwa ncha za vidole.

"Kaka, hii inasimama yenyewe. Wewe huwa unaingiaje?"

"Kwa imani, dada."

Ovaroli haikushonwa hadi bwana alipoifua mara mbili. Kufikia mara ya pili, shemeji yetu anakiri, alikuwa anatafuta sababu ya kuipasua tena. Walijaliwa watoto wawili, binti na mvulana, na nyumba yao ilikuwa na sheria moja iliyoandikwa kwa mazoea: hakuna anayelala bila kupiga mswaki. Marehemu alisimama kando ya beseni akiwa amekunja mikono, na hakukubali mswaki ulioloweshwa tu. "Fungua, nione. Nyuma. Nyuma kabisa, ndiko wadudu wanakojificha." Watoto wake hawajawahi kuumwa jino. Naye alipiga mswaki, tena vizuri. Hakuna anayeweza kumsingizia uchafu.

Lakini mswaki hauzibi tundu lililokwisha kutoboka. Mwaka juzi alimpeleka mwanawe kukaguliwa meno, na tabibu, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, alimwangalia mama alipokuwa akicheka, akamwomba naye aketi kitini mara moja.

"Mama, gego lako lina tundu. Bado dogo. Naliziba leo, unaondoka nalo zima."

"Daktari, nina sare darasa zima. Msimu ukiisha."

Msimu wa sare hauishi. Ukiisha mmoja, mwingine umebisha hodi. Mwanamke ambaye hakuruhusu tundu la sindano lilale hadi asubuhi alilibeba lake mdomoni karibu miaka miwili, na sisi sote tuliomzunguka, wenye macho na vyeti, tulimwona akitafunia upande mmoja tukaiona ni namna yake ya kula.

Desemba iliyopita jino liliamka. Wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, karakana ikiwa imejaa wazazi hadi kwenye ngazi, alikuwa akishona kwa mkono mmoja na kushika shavu kwa mwingine. Kopo la karafuu lilihamia kwenye meza yake. Kisha ghafla, katikati ya kazi, maumivu yalikatika. Aliinua uso akasikiliza, kama mtu anayesikiliza mvua imekoma.

"Limenyamaza," alisema.

"Acha wee!"

"Haki ya Mungu. Leteni soda, ya baridi kuliko zote."

Akaletewa. Akainywa upande ule ule wa kulia, mbele ya watu wote, akaiweka chupa mezani ikiwa tupu. Karakana nzima ilipiga makofi. Fundi Vifungo, anayetoboa na kupiga vifungo kwenye meza ya jirani, alitangaza kwamba karafuu imeshinda chuo kikuu. Walicheka, wakarudi kazini, na marehemu akashona siku ile kuliko mtu yeyote.

Daktari wa hospitali kuu ametueleza maana ya kimya kile, na tunaomba kila mtu alisikie hili hata akisahau mengine yote. Jino halikupona. Lilikufa. Mshipa wa ndani unaohisi maumivu ulikuwa umeoza, na usaha, ukiwa hauna tena wa kuupigia kelele, ukapata njia ya kushuka mzizini hadi kwenye taya, na kutoka kwenye taya hadi chini ya ulimi na shingoni. Walichokipigia makofi kilikuwa ni mlinzi kuuawa mlangoni.

Jumatano tarehe 10 Januari aliamka amevimba chini ya kidevu. Karakana ikamtania kwamba ameota ndevu. Jioni sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye kitu cha moto mdomoni, na mate yalikuwa yakimtoka kwa sababu kumeza kulimshinda. Alhamisi mumewe alimpeleka kituo cha afya. Tunaandika yaliyosemwa kwenye dirisha la mapokezi jinsi yalivyosemwa.

"Tatizo?"

"Jino, dada yangu. Amevimba, hamezi."

"Meno ni Jumanne."

"Mwangalie basi, hata kidogo."

"Kaka, jino si dharura. Apewe vidonge vya maumivu, Jumanne mje mapema."

Hakuinua macho. Angeyainua angemwona mwanamke ameinamia mbele kwenye benchi, ameinua kidevu, akitafuta hewa. Familia haimtaji aliyekuwa dirishani, wala haimtafuti. Alisema kile ambacho karakana ilisema, ambacho mtaa unasema, ambacho kila mmoja wetu amewahi kusema. Tunachokitaka ni bango la "Meno ni Jumanne" lililobandikwa pale dirishani libanduliwe, na mtu aliyevimba shingo apokelewe kama anavyopokelewa aliyegongwa na gari. Barua ya ombi hilo imeandikwa, na walio tayari kuitia sahihi wataikuta mlangoni wakitoka.

Ijumaa tarehe 12 Januari 2024, asubuhi, alifikishwa hospitali kuu. Daktari aliyempokea alimtazama mara moja akaanza kukimbia. Walijaribu kumfungulia njia ya hewa shingoni. Hawakuwahi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, mzima wa moyo, mzima wa mapafu, mzima wa figo. Mume wake alitoka kwenye korido akiwa ameshika viatu vya mkewe, akamwambia kila aliyekutana naye, "Wanasema jino. Wanasema ni jino." Bado anasema.

Jambo moja limetokea msibani, na familia imekubaliana liingie humu. Jana jioni Fundi Vifungo alifika kumpa pole binti wa marehemu, mwenye umri wa miaka kumi na saba. Alimkumbatia. Binti akajitoa kifuani mwake, akamtazama.

"Baba mdogo, unanuka karafuu."

"Kidogo tu, mwanangu. Ni gego, linanisumbua."

"Tangu lini?"

"Nikishamzika mama yako nitakwenda."

"Mama naye alisema msimu ukiisha."

Mtu mzima yule, mcheshi wa karakana, alikaa chini akafunika uso. Hakuwa akilia kwa ajili ya jino.

Fundi Vifungo alikuwa amepangwa kushika pembe ya nne ya jeneza. Leo mnaona hayupo. Asitokee mtu wa kumlaumu. Familia ndiyo iliyomkataza kuja. Asubuhi ya leo, kabla hatujatoka nyumbani, alipelekwa kwa yule tabibu mwenye sauti ya chini, na shemeji yake amekaa naye ili asitoroke. Tumepata habari kwamba gego limeng'olewa, na kwamba alichelewa lakini hakuchelewa sana. Pembe yake ya jeneza ameishika binti. Katika mazishi haya hakuna heshima aliyopewa marehemu iliyozidi kiti cha Fundi Vifungo kilicho wazi. Na kama yupo mwingine kati yetu anayetafunia upande mmoja, au ambaye jino lake liliuma sana kisha likanyamaza lenyewe, ainuke aende. Hatutauliza kwa nini ameondoka kabla ya udongo.

Mama Pindo ameacha mama mzazi, mume, binti na mwana, kaka wawili na dada wawili, mawifi, mashemeji, na wapwa wanaojua kupiga mswaki hadi nyuma kabisa, mafundi wenzake, ambao jana walilitupa kopo la droo wakiwa wote wamesimama, na watoto wasiohesabika ambao nguo zao bado zina nafasi ya kukulia. Kwenye cherehani ya tatu kutoka dirisha la mwisho imebaki sketi moja ambayo pindo lake halijashonwa. Binti yake ameomba aimalizie yeye, kwa mkasi.

Mungu ampokee na ampumzishe pasipo maumivu. Na kimya alichoingia leo, tofauti na kile cha jino lake, kiwe ni amani ya kweli.